Maji Yakirudi Nyuma: Kwa Nini Kisii na Nyamira Zianze Kupima Valvu za Mabomba

Siku ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe ni siku ya kawaida katika maboma ya Borabu, Kaunti ya Nyamira. Dawa hupimwa kwa kifuniko cha chupa na kumiminwa katika pampu ya lita 20 ya kubeba mgongoni. Kisha mpira wa maji huingizwa mdomoni mwa pampu na mfereji ukafunguliwa. Maji hugeuka meupe mara yanapokutana na dawa. Ncha ya mpira huachwa imezama humo hadi pampu ijae, kwa kuwa hakuna anayetaka dawa imrukie usoni.

Sasa tuseme dakika hiyo hiyo, bondeni kilomita moja kutoka hapo, tingatinga linalochonga barabara limepasua bomba kubwa la maji. Maji yote yaliyokuwa katika mabomba ya juu yanaanza kuteremka kuelekea kwenye mpasuko. Yakiteremka huacha ombwe, na ombwe hilo huvuta chochote kinachopatikana kwenye ncha za mabomba. Huvuta hewa kupitia mfereji ulioachwa wazi, na huvuta dawa ya kupe iliyo ndani ya pampu ile. Mwenye ng'ombe ataona tu kwamba maji yamekatika na dawa imepungua. Jirani atakayekuwa wa kwanza kufungua mfereji maji yakirejea ndiye atakayeitia dawa hiyo katika sufuria ya uji.

Wataalamu wa maji duniani wamepigana na hatari hii kwa karibu karne nzima. Maji yaliyokwisha kumfikia mteja, au uchafu uliogusana nayo, hurudi nyuma ndani ya bomba la umma na kwenda kwa mteja mwingine. Katika milima ya Gusii, ambako maji hupanda na kushuka miteremko na mgao umekuwa sehemu ya maisha, kuyasafisha kiwandani pekee hakutoshi. Mabomba yanahitaji vifaa vya kuzuia maji kurudi, na vifaa hivyo vinahitaji kupimwa kila mwaka na fundi aliyefunzwa, matokeo yakaandikwa na kuhifadhiwa. Huo ndio mwito wa makala haya kwa serikali za kaunti hizi mbili, kwa kampuni ya maji, na kwa kila mwenye nyumba.

Njia mbili za maji kurudi

Maji hukimbilia mahali penye msukumo mdogo. Bomba la mtaani likiwa na msukumo mkubwa kuliko bomba la nyumbani, maji huingia nyumbani. Msukumo wa mtaani ukishuka chini ya ule wa nyumbani, safari hugeuka.

Njia ya kwanza ni kunyonywa. Bomba likipasuka, au wazima moto wakivuta maji mengi kwa mkupuo, au pampu za kampuni zikisimama huku watu wa bondeni wakiendelea kuteka, sehemu za juu za mtandao hubaki na ombwe. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, uzito wa hewa unaweza kusukuma maji yakapanda hadi mita 8 hivi ndani ya bomba lenye ombwe, kimo kinachozidi ghorofa mbili. Ni nguvu ile ile inayopandisha pombe katika mrija mrefu wa mzee aliyeketi na wenzake kuzunguka chungu. Kwa hiyo beseni la nguo chafu lililo uani, mpira ukiwa umezama ndani yake, linaweza kunyonywa likapita juu ya ukuta wa nyumba na kuingia katika bomba la mtaa.

Njia ya pili ni kusukumwa. Hapa upande wa mteja una nguvu yake mwenyewe inayoshinda ile ya bomba la umma. Jengo la ghorofa tano lenye tangi juu ya paa lina msukumo wa maji wa mita 15 au zaidi unaoelekea chini. Kiwanda chenye boila kina mvuke na maji ya moto yaliyotiwa kemikali za kuzuia kutu. Shule yenye kisima kirefu ina pampu ya umeme inayosukuma maji ya kisima katika mabomba yale yale yaliyounganishwa na mita ya kampuni. Siku msukumo wa mtaani unapodhoofika, vyote hivi hugeuka kuwa mitambo ya kupeleka maji yasiyojulikana kwa majirani.

Njia zote mbili hazihitaji mtu mwenye nia mbaya. Kinachohitajika ni muunganisho mmoja kati ya maji safi na kitu kichafu, na dakika chache za msukumo kushuka. Muunganisho waweza kukaa kimya miaka kumi bila kumdhuru mtu, kisha ukadhuru mtaa mzima kwa asubuhi moja.

Kutoka Kegati hadi mferejini

Mto Gucha huanzia katika milima ya Kiabonyoru, Nyamira, ukateremka kuelekea magharibi kupitia Kisii, ukagusa Ogembo, ukaingia Migori na hatimaye kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Huko Kegati, Nyaribari Chache, ndiko uliko mtambo unaotegemewa na mji wa Kisii. Maji ya mto hutiwa dawa ya kugandisha matope, hutulizwa, huchujwa kwa mchanga na kutiwa klorini. Baada ya hapo pampu za umeme huyapandisha milimani. Anayeyasambaza ni Kampuni ya Maji na Usafi ya Gusii, GWASCO, iliyoundwa kuhudumia Kisii na Nyamira pamoja. Ujerumani, kupitia benki yake ya maendeleo ya KfW, imetoa fedha za kupanua huduma za maji katika miji ya Kisii, Nyamira, Kericho na Litein.

Juhudi hizo ni za kupongezwa, kwa sababu kazi si ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 950 katika kila kilomita ya mraba, kiwango kinachopatikana katika kaunti chache sana nje ya miji mikubwa. Nyumba zimekaribiana, vyoo vya shimo vimekaribiana, na mvua hunyesha karibu kila mwezi ikilowesha udongo. Bomba la maji taka linaloelekea kwenye mabwawa ya Suneka halijafika kila mtaa. Mto Nyakomisaro, unaopita katikati ya mji wa Kisii, umekuwa ukipokea taka za mji kwa miaka mingi.

Katika mazingira hayo mabomba madogo ya wateja yamelazwa kandokando ya mitaro, mengine yakapitishwa ndani ya mitaro yenyewe. Kote nchini, ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayalipiwi, na sehemu kubwa huvuja ardhini. Wengi husoma takwimu hiyo kama hasara ya fedha. Ni takwimu ya afya pia. Tundu linalotoa maji wakati bomba limejaa ndilo linaloingiza maji ya mtaro wakati bomba ni tupu.

Na mabomba ya Gusii huwa matupu mara nyingi. Umeme ukikatika, pampu husimama. Mvua kubwa ikinyesha, mto hujaa matope na kazi ya kusafisha hupungua kasi. Kila mgao unapoanza, maji yaliyobaki milimani, tuseme Nyanchwa, huteremka kuelekea kwa walio chini, pande za Daraja Mbili. Kila mgao ni fursa ya kunyonya.

Wananchi nao wamejitafutia namna ya kuishi na mgao, na namna hizo zimeongeza miunganisho. Kuna tangi la maji ya mvua lililounganishwa na bomba la kampuni kwa valvu moja ya kawaida, ili mwenye nyumba achague maji ya kutumia. Kuna tangi la juu lililowekewa bomba moja tu chini yake, linalopandisha maji usiku na kuyashusha mchana, bila chochote cha kuyazuia kurudi mtaani. Kuna pampu ndogo ya umeme iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili kuvuta maji msukumo unapokuwa dhaifu. Pampu hiyo humnufaisha mwenyewe na kuwaachia majirani ombwe. Kuna sehemu za kuosha magari ambako mpira hulala ndani ya ndoo ya sabuni na mafuta kuanzia asubuhi hadi jioni.

Klorini iliyotiwa kiwandani haiwezi kubeba mzigo huu peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini inayobaki katika maji yanapomfikia mteja isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Kiasi hicho huua vijidudu vichache vilivyopenya njiani. Hakitoshi kupambana na maji ya mtaro yaliyoingia kwa wingi, wala hakiwezi lolote dhidi ya dawa ya kupe au kemikali za boila.

Yaliyowapata wengine

Mwaka 1933 mji wa Chicago, Marekani, uliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyovuta wageni kutoka kila pembe. Wageni waliolala katika hoteli mbili zilizopakana walianza kuugua baada ya kurudi makwao, kwa hiyo ilichukua muda kwa madaktari kung'amua kwamba chanzo kilikuwa kimoja. Watu zaidi ya 1,400 walipata ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na amiba, na 98 wakafa. Uchunguzi ulipata mabomba ya zamani yaliyoruhusu maji taka kuingia katika maji ya kunywa. Vifo hivyo viliwaamsha wahandisi wa Marekani, wakaanza kutunga kanuni kali za kutenganisha maji safi na machafu ndani ya majengo.

Mwaka 1969 chuo cha Holy Cross huko Worcester, Massachusetts, kilishuhudia timu yake ya kandanda ya Kimarekani ikiangushwa na homa ya ini aina ya A. Kati ya wachezaji na makocha 97, waliopatikana na maambukizi walikuwa 90, na chuo kikafuta mechi zilizosalia za msimu. Wachunguzi walifuata bomba lililopeleka maji uwanjani. Wakagundua kwamba wazima moto walikuwa wamevuta maji mengi kuzima moto uliozuka karibu na hapo, msukumo ukashuka, na maji yaliyotuama katika mashimo ya vinyunyizio vya nyasi yakanyonywa kuingia bombani. Maji ya mashimo hayo yalikuwa yamechafuliwa na watoto wa jirani waliokuwa na ugonjwa huo. Moto mmoja na shimo moja la bomba viliimaliza timu nzima.

Kisa cha karibuni zaidi ni cha mji wa Nokia, Finland, ule uliotoa jina kwa simu zilizojaa Kenya miaka ya 2000. Mwishoni mwa Novemba 2007, mfanyakazi katika mtambo wa kusafisha maji taka alifungua valvu iliyounganisha bomba la maji taka yaliyosafishwa na bomba la maji ya kunywa. Takriban lita 450,000 za maji hayo ziliingia katika mtandao wa mji. Zaidi ya watu 8,000 waliugua, katika mji wenye wakazi wapatao 30,000. Hii ni nchi tajiri, yenye maji ya saa 24 na wahandisi waliobobea. Bado valvu moja, bila kizuizi cha pili nyuma yake, ilitosha.

Lakini hali inayofanana zaidi na yetu ni ya Hubli-Dharwad, miji pacha ya India, ambako baadhi ya mitaa ilipata maji bila kukatika na mingine kwa mgao, yote yakitoka katika chanzo kimoja. Watafiti Emily Kumpel na Kara Nelson walichapisha matokeo yao mwaka 2013. Katika mitaa ya maji yasiyokatika, bakteria wa E. coli walipatikana katika chini ya asilimia 1 ya sampuli za mferejini. Katika mitaa ya mgao, walipatikana katika karibu thuluthi moja. Maji yalitoka kiwandani yakiwa yale yale, yakaharibika njiani.

Kifaa na namna kinavyopimwa

Kinga ya kwanza haina gharama yoyote, nayo ni nafasi ya hewa. Mdomo wa mfereji ukiwa juu ya ukingo wa sinki, ndoo au tangi, bila kugusa maji, hakuna ombwe litakalonyonya kilichomo. Kanuni inayotumika kwingi ni kwamba nafasi hiyo iwe angalau mara mbili ya kipenyo cha bomba. Mwenye ng'ombe wa Borabu angemaliza hatari yote kwa kujaza maji katika jerikani kwanza, kisha kuyamimina katika pampu ya dawa. Floti ya tangi la juu, ikiwekwa juu ya tundu la kumwagia maji yaliyozidi, hufanya kazi hiyo hiyo.

Pale ambapo nafasi ya hewa haiwezekani ndipo valvu huingia. Ya kawaida ni valvu ya njia moja, yenye kifuniko kinachosukumwa na springi. Maji yakienda mbele hukifungua, yakitaka kurudi hukifunga. Penye hatari zaidi hufungwa valvu mbili mfululizo, ili moja ikishindwa nyingine ishike. Penye hatari kubwa kabisa, kama hospitali, chumba cha maiti, kichinjio au kiwanda cha kemikali, hufungwa kifaa chenye valvu mbili na chumba katikati, na chini ya chumba hicho kuna tundu la dharura. Valvu mojawapo ikivuja, tundu hufunguka na kumwaga maji chini mbele ya macho ya watu, badala ya kuyaacha yarudi mtaani.

Tatizo la vifaa hivi ni kwamba huharibika bila kelele. Punje ya mchanga hukwama chini ya kifuniko. Mpira unaoziba hukauka na kupasuka. Springi hulegea, chokaa na kutu hujenga ukoko. Maji yanaendelea kutoka mferejini kama kawaida, bili inakuja kama kawaida, na hakuna anayejua kwamba kizuizi kimekufa. Kwa sababu hiyo nchi zilizoumwa na nyoka hazikuishia kuagiza valvu zifungwe, bali ziliagiza pia zipimwe. Nchini Uingereza, chini ya kanuni za vifaa vya maji za 1999, vimiminika vimegawanywa katika madaraja 5 ya hatari, na kifaa chenye tundu la dharura hupimwa kila baada ya miezi 12. Katika majimbo na miji mingi ya Marekani mpimaji lazima awe na cheti, na ripoti yake hupelekwa kwa kampuni ya maji kila mwaka.

Kipimo chenyewe humchukua fundi muda mfupi. Kifaa huja na viunganishi vidogo vyenye koki, na fundi hubeba geji yenye mipira mitatu. Kwanza humwarifu mwenye jengo kwamba maji yatakatika kidogo. Huzisafisha koki kwa kuzifungua zimwage maji, ili mchanga usiingie katika geji. Kisha hufunga valvu kubwa ya upande wa pili, maji yakatulia, akaunganisha mpira mmoja kabla ya valvu ya kwanza na mwingine baada yake. Sindano ya geji humwonyesha tofauti ya msukumo kati ya pande hizo mbili. Ikisimama palepale, valvu ya kwanza inashika. Ikianza kuteremka polepole kuelekea sifuri, inavuja.

Baada ya hapo huipunguza tofauti hiyo kidogo kidogo kwa mkono, jicho likiwa kwenye geji na kidole kikiwa chini ya tundu la dharura, akingoja tone la kwanza. Tundu linapaswa kufunguka tofauti ya msukumo ikiwa bado haijashuka chini ya paundi 2 kwa inchi ya mraba. Likichelewa, haliaminiki. Mwisho husukuma maji kutoka upande wa mteja dhidi ya valvu ya pili, kuona kama itayaruhusu kurudi. Huandika namba zote, tarehe na namba ya kifaa, akaweka sahihi. Kilichoshindwa hufunguliwa, kikasafishwa au kubadilishiwa mpira na springi, kikapimwa tena siku hiyo hiyo.

Kwa nyumba ya kawaida yenye valvu ya njia moja karibu na mita, upo uchunguzi mwepesi ambao kila mtu anaweza kuufanya. Subiri wakati wa mgao, majirani wa laini yako wakiwa hawana maji kabisa. Fungua mfereji ulio kati ya mita na valvu hiyo, kama upo. Ukitoa maji kwa nguvu na kuendelea kutoa, hayo ni maji ya tangi lako yanayorudi nyuma, na valvu haishiki. Angalia pia mita. Ikiwa vijino vyake vinazunguka kinyume wakati wa mgao, maji ya nyumba yako yanakwenda mtaani.

Wajibu ni wa nani?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Sheria ya Maji ya 2016 imeipa WASREB mamlaka ya kutoa leseni kwa kampuni za maji na kuweka viwango vya huduma, na Sheria ya Afya ya Umma inawapa maafisa wa afya nguvu ya kuingilia pale maji ya umma yanapohatarishwa. Kiwango cha maji ya kunywa kinachotumika Afrika Mashariki hakiruhusu hata bakteria mmoja wa E. coli katika mililita 100. Sheria zipo. Kilichokosekana ni desturi ya kuzifuata hadi kwenye mita ya mteja, kwa kuwa upimaji wa valvu za kuzuia maji kurudi bado si jambo la kawaida nchini.

Kazi hii haihitaji kusubiri mabilioni ya shilingi. Kaunti za Kisii na Nyamira, pamoja na kampuni ya maji, zinaweza kuanza na orodha. Ziorodheshe majengo yenye hatari kubwa: hospitali na vyumba vya maiti, vichinjio, viwanda vya majani chai vyenye boila, shule za bweni zenye visima, vituo vya mafuta na sehemu za kuosha magari, na majengo ya ghorofa yenye matangi ya juu. Hayo ni machache ukilinganisha na wateja wote, lakini ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Yapewe muda maalumu wa kufunga vifaa vinavyofaa, na baada ya hapo cheti cha kupimwa kila mwaka kiwe sharti la kuendelea kupewa maji, kama mwenye hoteli anavyotakiwa kuwa na cheti cha afya.

Wateja wapya wapate mita na valvu ya njia moja kwa pamoja, gharama yake ikiwa ndani ya ada ya kuunganishiwa maji. Pampu zinazovuta maji moja kwa moja kutoka kwenye bomba la mtaa ziondolewe. Mwenye nazo aelekezwe ajenge tangi la chini lijazwe kwa floti, kisha apige pampu kutoka humo. Mabomba yaliyolala ndani ya mitaro yahamishwe, tukianza na yale yaliyo karibu na vyoo na machinjio.

Upimaji utahitaji mikono, na mikono ipo. Kisii National Polytechnic na vyuo vingine vya ufundi vya eneo hili hufundisha vijana kazi ya mabomba. Wakiongezewa mafunzo ya kutumia geji na kutunza kumbukumbu, kisha wakapewa vyeti na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, kaunti zitakuwa na wapimaji wao wenyewe. Kijana mwenye geji na cheti hatakosa kazi, kwa maana kifaa kilichopimwa mwaka huu kitapimwa tena mwaka ujao.

Wapo watakaosema watu wengi wa Gusii bado hunywa maji ya chemchemi na ya mvua, hivyo valvu ni anasa ya mjini. Kila mwaka mabomba yanafika vijiji vipya, na kadiri mtandao unavyokua ndivyo kosa la nyumba moja linavyowafikia watu wengi. Chemchemi ikichafuka huumiza walio jirani nayo. Bomba kuu likichafuka huumiza mji. Ni rahisi mno kuweka utaratibu mzuri wakati mtandao ungali mdogo kuliko kuja kubomoa kuta za majengo elfu kumi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawe msomaji usisubiri kaunti. Leo hii nenda uani uone mpira wa maji umelala wapi, na kama umo ndani ya ndoo, beseni au pampu ya dawa, utoe. Muulize fundi wako kama tangi lako lina valvu ya njia moja na lini iliangaliwa mara ya mwisho. Ikiwa tangi la mvua na bomba la kampuni vimeunganishwa nyumbani kwako, vitenganishe kabisa. Maji yakirejea baada ya mgao, yaache ya kwanza yatoke, uyatumie kusafishia choo, na ya kunywa uyachemshe. Mwenye nyumba za kupangisha, kumbuka kwamba wapangaji wako na majirani wao wanakunywa kutoka kwenye bomba moja.

Serikali za Kisii na Nyamira, WASREB na kampuni ya maji zimetumia fedha na jasho kuyasafisha maji ya Gucha. Sasa zihakikishe kwamba maji hayo yakishatoka Kegati yanakwenda upande mmoja tu. Orodha ya majengo ya hatari inaweza kuandikwa mwaka huu, na kipimo cha kwanza kikafanywa mwaka huu. Hakuna sababu ya kungoja mtoto augue ndipo tufungue boksi la mita.